Marehemu wa Zoezi

Hapo zamani, ambazo si za kale kwa sababu sufuria niliyokimbia nayo bado naipikia, palikuwa na nchi. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Ni kwamba jina lile halitajwi mpaka usimame wima, na mimi nikisimama sasa hivi uji utaungua.

Nchi hiyo ilikuwa na milima ya nyasi, na kila kiangazi milima iliwaka. Hilo halikuwa tatizo, maana Serikali ilikwisha kuliondoa neno moto katika taarifa ya habari. Redioni walisema joto la ziada. "Joto la ziada limepita katika vijiji vitatu na wananchi wanaendelea na shughuli zao." Ukisikia hivyo moyo unatulia. Ukienda kuviona hivyo vijiji vitatu ndipo unapojiuliza ni shughuli gani hizo, maana hakuna paa, hakuna kuku, na miti imesimama myeusi kama watu waliotaka kusema kitu wakakatizwa.

Sisi tulikaa Ukokani, mtaa wa nyumba arobaini chini ya mlima. Mume wangu, Shomari, alikufa kwa joto la ziada kiangazi kimoja. Alikwenda na tawi bichi la mwarobaini kupiga nyasi zilizokuwa zinawaka nyuma ya shule, upepo ukageuka. Nilipokwenda kuandikisha msiba, Karani Ndimbo, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Mama Tunu," akasema, "mwaka huu haukuwa na moto. Sasa mtu atakufaje kwa moto ambao haukuwapo?"

"Tumemzika, bwana karani. Na wewe ulikuwapo. Ulibeba jeneza."

"Nilibeba kama jirani. Kama karani sikuliona."

Basi Shomari akabaki hai daftarini. Kila kikao cha mtaa jina lake lilisomwa, na asipoitika wakaandika: mtoro. Mama yake, Bibi Mwamvita, ambaye tulikaa naye nyumba moja, akawa kila jioni anaweka kopo la maji ya kunawa mlangoni. Sikumwuliza ni ya nani. Asubuhi nililikuta limepungua kidogo, nami nikajiambia ni kuku.

*

Mwaka uliofuata Serikali iliunda Wizara ya Utayari. Waziri wake alikuwa na sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti, na vipaza sauti vinne. Hotuba yake ya kwanza niliisikia yote.

"Ndugu wananchi. Taifa lililo tayari halihitaji kuokolewa, kwa kuwa liko tayari. Na taifa lisilo tayari halistahili kuokolewa, kwa kuwa halikuwa tayari. Kwa hiyo, suala la kuokoa tumekwisha kulimaliza."

Watu walipiga makofi, na mimi nikiwamo. Ilikuwa hotuba iliyopangika.

Kila kaya ikapewa kitabu, Mwongozo wa Utayari wa Kaya. Kwa kuwa nilikuwa nasoma masomo ya jioni na nimefika kidato cha pili, majirani walikuja kwangu niwasomee, na sitasema uongo, kilikuwa kitabu kizuri. Kilisema weka maji kwenye vyombo vyenye mifuniko. Funga vyeti vyako kwenye nailoni. Jueni njia mbili za kutokea, si moja. Kubalianeni mahali pa kukutana mkipotezana. Ukurasa wa nne ulisema fyeka nyasi hatua thelathini kuzunguka nyumba. Niliusoma ukurasa huo mara mbili, nikamwona Shomari amesimama hatua ya thelathini na moja, mzima.

Kisha tukafika kwenye Nyongeza. Nyongeza ya ukurasa wa nne ilisema nyasi zote ni uoto wa Taifa, na azifyekaye amelifyeka Taifa. Nyongeza ya maji ilisema maji ya dharura yawekwe ndani ya mkoba wa utayari pamoja na tochi, dawa, filimbi na nguo moja kwa kila mtu, na mkoba ukishakaguliwa upigwe lakiri. Kuivunja lakiri kabla Waziri hajatangaza dharura ni kosa. Basi tukawa na mikoba mizuri ya bluu ikining'inia misumarini, maji ndani yake yakisikika ukiitikisa, na mwezi ule kisima kilipokauka tulikaa na kiu tukiyasikiliza.

Nyongeza ya mwisho ndiyo iliyomuudhi Bibi Mwamvita. Wanawake wa Ukokani tangu enzi walikuwa wakichoma mkanda. Mvua zikiisha, nyasi zikiwa nusu mbichi nusu kavu, wanatoka alfajiri kabla umande haujakauka, moto ukiwa bado mzito wa usingizi, wanachoma ukanda mwembamba kuzunguka makazi huku wakiuzima kwa matawi. Kiangazi kikija, moto mkubwa unakuta pameshaliwa. Nyongeza ikasema huo ni uchomaji holela.

"Moto ni mgeni mwenye njaa," Bibi Mwamvita alisema, akichambua mchele mbele ya mjumbe wetu kama vile mchele wenyewe ndio Nyongeza. "Akikuta mabakuli matupu anaendelea na safari. Nyie mnataka mumwekee pilau?"

Mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Mchopa, alijikuna shingo. "Mimi sitaki kitu, shangazi. Mimi naletewa tu."

*

Sasa nifike nilipokosea mimi, maana nisipolisema hili, yote yaliyobaki nitakuwa nawasengenya wengine.

Waziri alirudi kutoka safari ya mafunzo, katika nchi ambazo, alisema, majanga yao yamepangwa vizuri. Huko alionyeshwa zoezi la uokoaji lenye machela, majeruhi na maiti. Akatamka kwamba zoezi lisilo na maiti ni sherehe. Kila mtaa ukapangiwa idadi. Ukokani tulipewa kumi na wawili, na yeye mwenyewe angekuja kutazama.

Mzee Mchopa akatangaza: "Natafuta watu safi, wanaojua kutulia. Watakaolala mbele ya Mheshimiwa."

Kwetu, mgeni mkubwa akija, akina mama tunagombania mtoto wa kumvisha shada, mtoto wa kughani ngonjera, hata mtoto wa kushika tu kamba ya pazia. Mimi nilisikia *mbele ya Mheshimiwa*, yaliyobaki hayakuingia. Nilimwogesha Tunu, nikampaka mafuta, nikamsuka mistari mitatu, nikamvika gauni la Idi. Alikuwa na miaka sita. Mzee Mchopa alikuwa ameshamshika mkono mtoto wa jirani yangu, mama Havijawa, na mimi ndiye niliyesema, kwa mdomo huu:

"Wako anakohoa, mwenzangu. Maiti hakohoi."

Watu wakacheka. Tunu akachukuliwa.

Alilala vizuri kuliko wote. Filimbi zilipigwa, watu wakakimbia huku na huku na mikoba ya bluu, na yeye akatulia tuli kwenye mkeka, kitambulisho cha karatasi kifundoni mwa mkono, namba saba. Waziri akainama, akamtazama, akasema kwenye vipaza sauti vyote vinne: "Huyu amekufa vizuri sana."

Mungu anisamehe, nilipiga vigelegele.

*

Kesho yake Mzee Mchopa alikuja, hakuvua kofia, hakukaa.

"Taarifa imeshakwenda juu," akasema. "Waliokufa: kumi na wawili. Zoezi limefana."

"Tumshukuru Mungu," nikasema. "Sasa wanarudishwa lini?"

"Wanarudishwa wapi?"

"Kuwa hai, Mzee."

Aliangalia viatu vyake. "Mama Tunu, taarifa ikishafika juu haishuki. Nani ataandika kwamba Mheshimiwa alihesabu vibaya?"

Hivyo ndivyo Ukokani ilivyopata marehemu wa zoezi. Waliendelea kukaa majumbani mwao, Wizara haikuwa katili. Ila hawakuwa na jina daftarini, wasiamkiwe, wasiitwe, na wakiitwa kwa bahati mbaya wasiitike. Tindo kinyozi alikuwa namba tatu. Wateja wake walijiuliza kama ni halali kunyolewa na marehemu, kisha nywele zilipokua wakaanza kumwendea kwa mlango wa uani, wakikaa kimya kwenye kigoda, wakikwepa kujiona naye kwenye kioo kimoja.

Tunu nilimlea kama nilivyolelewa: mtoto wa kike akiitwa anaitika "abee", hata akiwa msalani. Shuleni mwalimu akaita majina, akafika mahali pa jina lake, akaruka. Tunu akaitika hivyo hivyo, "Abee," kwa kuwa alijua zamu yake inafuata nani. Mwalimu akalia. Kisha akamtoa nje akae chini ya dirisha, kwa sababu Mwongozo haukumkataza marehemu kusikiliza. Watoto wakipita wanamruka kama wanavyoruka dimbwi.

"Mama," aliniuliza jioni ile, "marehemu wanakula?"

"Wanakula, mwanangu."

"Wanakua?"

Nilishughulika na mkaa. Yeye akachukua sahani yake, akaenda kuiweka kwenye kabati karibu na ile ya baba yake, ambayo nilikuwa sijaitoa. "Basi nitakaa na baba," akasema, bila huzuni, kama mtu anayepanga vyombo.

Ubaya wa jambo lile ni kwamba unalizoea. Wiki ya tatu, asubuhi moja, nilimenya mihogo, nikachemsha, nikagawa, nikajikuta nimepakua sehemu mbili tu, yangu na ya bibi yake. Tunu alikuwa amekaa pembeni akinitazama. Hakuniambia nimesahau. Alinitazama tu, kwa adabu.

*

Asubuhi ile ile nilikwenda ofisini. Karani Ndimbo akanipa kiti.

"Fomu ipo," akasema. "Ombi la Kurejea. Inasainiwa na marehemu mwenyewe, mbele ya ofisa."

"Basi nimlete."

"Marehemu haruhusiwi kuingia ofisini."

"Nimsainie mimi, mamaye."

"Marehemu huombewa rehema, mama Tunu. Haombewi fomu." Akaona uso wangu, akasogeza kiti chake. "Lakini usilie. Wangapi walio hai wanatamani nafasi kama hiyo? Haitwi kikaoni. Haulizwi kitu. Hashtakiwi kwa lolote. Kifungu cha thelathini na moja."

Nilirudi nikamsimulia Bibi Mwamvita yote, neno kwa neno, nikilia huku napiga vyungu. Yeye alikuwa anapepeta. Ungo ukasimama hewani.

"Rudia hapo mwisho."

"Hashtakiwi kwa lolote."

"Kasome kitabuni. Nataka kuisikia kwa maandishi."

Nikafungua. *Marehemu wa zoezi hatahesabiwa kuwa na kosa lolote litakalotendeka baada ya kifo chake.*

Mvua zilikuwa zimeisha wiki tatu tu. Nje nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, chini mbichi, juu zimeanza kuwa rangi ya simba. Bibi Mwamvita alizitazama kwa muda mrefu, akaweka ungo chini.

"Kamwite Tindo," akasema. "Mpitishe mlango wa uani."

*

Alfajiri mbili baadaye wale kumi na wawili walitoka. Walikwenda kwanza makaburini, kwa sababu Tindo alisema, "Tuanze kwetu." Pale juu ya mwinuko, ambapo Shomari na wenzake wamelala, walichoma nyasi zote, kaburi hadi kaburi, polepole, umande ukichemka na kutoa moshi mweupe. Kisha wakachoma mkanda kuteremka hadi zahanati na nyumba za upande ule. Tunu alibeba tawi bichi refu kuliko yeye, akifuata nyuma kupiga cheche. Mimi nilisimama mbali nikimtazama yeye tu, maana namna alivyolinyanyua tawi lile ilikuwa ya baba yake kabisa, wala hakufundishwa na mtu.

Bibi Mwamvita, ambaye alikuwa hai na angeweza kushtakiwa, alikaa kwenye kigoda akanyoosha fimbo yake kila pahali pa kuchomwa. Kunyoosha fimbo hakukutajwa kitabuni.

Mzee Mchopa akaja mbio, shuka begani.

"Nani kachoma uoto wa Taifa?"

"Sisi," akasema Tindo.

"Nyie nani?"

"Sisi marehemu, Mzee."

Mjumbe akatoa Mwongozo, akafunua, akafunua tena, akaufunga. Kisha akasema, "Haya. Mungu awalaze mahali pema."

"Amina," wakaitikia wote kumi na wawili, wakaendelea na kazi.

Baada ya hapo hawakuzuilika. Walivunja lakiri za mikoba yao, wakaosha vyombo, wakajaza maji mapya. Walipeleka mapipa matano makaburini na kuyafunika. Walio hai tulipita tukiona ardhi nyeusi ile imezunguka mlima kama kovu, wengine wakanung'unika kwamba mtaa umeharibika sura. Mkaguzi alikuja kutoka wilayani, akapiga picha, akaandika: *Uharibifu uliofanywa na watu wasiokuwapo.* Akasaini.

*

Ilikuwa Jumatano, saa saba mchana, mwezi wa tisa. Mbingu ikawa rangi ya chai ya rangi. Majivu yakaanza kuanguka juu ya nguo nilizoanika, mepesi, bila haraka, na kuku wakaingia ndani wenyewe wakajipanga chini ya kitanda. Redio ikasema kutakuwa na joto la ziada la wastani. Kisha redio ikakata.

Lori la uokoaji lilifika likija kinyumenyume. Lilikuwa jipya, na mbele yake ulifungwa utepe wa uzinduzi ambao Waziri hajaukata, kwa hiyo dereva alikuwa amerudi nyuma kilomita zote kumi na nne kwa kuangalia kioo, utepe usije ukakatika kwa upepo. Karani Ndimbo akateremka na daftari la walio hai. Tungepelekwa Uwanja wa Utayari, uwanja mzuri wenye jukwaa, katikati ya nyasi za Taifa za kimo cha mtu. Mzee Mchopa aliitwa wa kwanza. "Naam," akasema, akapanda. Nyumba mbili za mwanzo zikaitika, zikapanda nyuma yake.

Nilimkumbatia Tunu kiunoni nikamwendea karani.

"Bwana karani. Huyu naye."

Hakumtazama. Alitazama juu ya kichwa chake, pale mahali ambapo mtu mzima angekuwa. "Lori hili ni la walio hai, mama Tunu. La marehemu limeagizwa. Litafika mwakani."

"Na moto utamngoja?"

"Joto la ziada," akanisahihisha, na sauti yake ikapasuka katikati.

"Basi niandike na mimi kuwa marehemu."

"Nafasi ni kumi na mbili. Zimejaa." Akageuza ukurasa, kwa sababu mlimani kulishaanza kusikika, ule mlio kama watu wengi wanachana vitambaa. Akaita: "Shomari bin Mwinyi."

Bibi Mwamvita alikuwa karibu yangu, ameegemea fimbo.

"Shomari bin Mwinyi."

Majivu yalianguka juu ya daftari. Karani akayapuliza.

"Shomari bin Mwinyi. Aitwaye mara tatu asiitike, anaandikwa marehemu. Kifungu cha tisa." Akachora mstari.

Nilimsikia Bibi Mwamvita akitoa pumzi ambayo nadhani aliishika tangu mwaka ule. "Innalillahi," akasema polepole. "Haya, mwanangu. Sasa umepumzika."

Na mimi, niliyesoma masomo ya jioni, niliyewasomea mtaa mzima kitabu kile mara mbili, ndipo nilipokielewa Kifungu cha tisa. Zoezi lilikuwa na nafasi kumi na mbili. Ukimya haukuwa na idadi.

"Sikudhani binti Kassimu."

Hilo ni jina langu. Neno lile la kuitika haliko kichwani, liko shingoni. Mama yako alilitia huko kabla hujajua kutembea. Lilipanda lenyewe. Nikajaza pindo la kanga mdomoni nikaling'ata.

"Sikudhani binti Kassimu."

Tunu akanivuta. "Mama. Unaitwa."

Nikatikisa kichwa.

Mara ya tatu hakuita kama karani. Aliita kama jirani, kama mtu aliyebeba jeneza. "Mama Tunu. Itika, dada yangu."

Nilimtazama. Akachora mstari, na mstari haukunyooka.

"Kwa nini huitiki?" akaniuliza Tunu.

Nikaitoa kanga. "Nyamaza, mwanangu. Tumekufa sote sasa."

Akafikiri. Kisha akaniwekea mkono wake kwenye mkono wangu, mwenyeji akimkaribisha mgeni.

"Mwamvita binti Haji." Bibi alitazama angani kama anayehesabu ndege. Ikafuata nyumba ya mama Havijawa. Mama Havijawa ana sauti inayosikika hadi sokoni. Nilimwona amefumba midomo mpaka imekuwa myeupe, na mtoto wake akikohoa chini ya mkono wake. Kisha wengine, na wengine. Waliokuwa wameshapanda wakaanza kushuka mmoja mmoja upande wa nyuma, wakisema taratibu kwamba wamesahau kitu. Majina yalikwenda upesi. Jina la mwisho lilikuwa Ndimbo. Karani akalisoma. Akasubiri. Tukasubiri pamoja naye. Alilisoma mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, akachora mstari, akampa Mzee Mchopa daftari kule juu, akatoa kalamu zote tatu mfukoni akazipanga humo daftarini.

Lori likaondoka na mtu mmoja na dereva.

*

Tulipanda makaburini, watu mia moja na tisini na kitu, na marehemu wa zamani wakatupokea kama watu wanaojua njia. Tindo aligawa maji. Alionyesha kila mmoja alale wapi, uso chini, kanga mbichi kichwani, mbali na ukingo. Bibi Mwamvita alijilaza juu ya kaburi la mwanawe kwa urefu wote.

Sitaieleza sauti ya moto ule. Ilifika hadi ukingo wa ardhi nyeusi, upande wa juu, ikasimama. Nilifumbua jicho moja nikauona: ulirefuka, ukainama, ukapapasa ile ardhi tupu kama mtu anayetafuta bakuli gizani. Kisha ukagawanyika, huku na huku, ukatupita.

"Mama," Tunu akasema chini yangu, "baba yuko hapa chini?"

"Ndiyo."

"Anausikia?"

"Wake ulishapita, mwanangu. Lala."

Jua lilipokuwa linaelekea kushuka tulisikia mtu anapanda mwinuko, anajikwaa. Lango la Uwanja wa Utayari lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba wa wilaya, chini ya lakiri. Mzee Mchopa na dereva waliruka chini na kukimbia nyuma kwenye nyasi zilizokwisha kuungua, nyayo zikiwaka, dereva akashika barabara ya wilayani. Mjumbe akasimama mwanzo wa makaburi, mweusi mzima, daftari kifuani.

"Hodi," akasema.

"Kwa marehemu hakuna hodi, Mzee," akajibu Tindo. "Pita unywe maji."

Alikunywa. Kisha akakaa chini katikati yetu akalia, na hakuna aliyemtazama, si kwa sababu ya Mwongozo.

Zahanati ilibaki, na nyumba kumi na tisa zilizopitiwa na mkanda. Yangu haikuwamo. Nilibaki na sufuria, Tunu na mama mkwe, na mpaka leo sioni nilichopungukiwa.

*

Redio ilitangaza kwamba wananchi wa Ukokani wamefariki kwa utaratibu. Siku ya arobaini Wizara ilileta jiwe la kumbukumbu, viti, vipaza sauti vinne na pilau. Tulikwenda. Mtu hakosi arobaini yake.

Tulisimama nyuma ya kamba, mtaa mzima. Askari walitupitishia macho kama mtu anavyopitisha macho ukutani. Mbele, kiti cha kwanza, alikaa Mzee Mchopa, Mnusurika wa Taifa, nishani kifuani, kofia ameivuta hadi nyusi. Hakugeuka. Karani Ndimbo alikuwa ubavuni mwangu, mifuko yake mitupu.

"Hawa," Waziri alisema, "hawakulalamika. Hawakuuliza. Walipoitwa, walinyamaza. Laiti walio hai wangejifunza kwao."

Akaanza kusoma majina, kaya baada ya kaya. Asubuhi ile nilimkalisha Tunu nikamweleza: watu wakubwa watatuita, nasi tutanyamaza, halafu tutakula. Alisema amesikia. Nikaweka pindo la kanga mdomoni mapema.

"Shomari bin Mwinyi."

"Amina," akasema Bibi Mwamvita, wazi, maana hilo lilikuwa kweli.

"Tunu binti Shomari."

Upepo ulikuwa umetulia. Nyasi mpya zilikuwa zimeanza kuchomoza, kijani kikali, kati ya viti.

"Abee," Tunu akasema.

Hakupaza sauti. Alisema kama anavyosema mtoto aliyeitwa na mkubwa wake, akapiga hatua moja mbele ili aonekane. Waziri akatazama karatasi. Akatazama vipaza sauti, kimoja baada ya kimoja. Mzee Mchopa akavua kofia, akaishika magotini, na taratibu sana akageuza shingo yake kutuangalia.

Waziri akakohoa, akashuka mstari mmoja.

Jina lililofuata lilikuwa langu. Nikaitoa kanga mdomoni.